Fahamu: Umenunua nyumba mnadani Kenya, na bado ina watu

Nyundo ya dalali ikishagonga, mnunuzi mara nyingi hugundua kuwa kuwatoa waliomo ni kazi yake, si ya benki.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 99, humlinda mnunuzi asiyeshiriki udanganyifu: mkopaji aliyeumizwa na kasoro za mnada hudai fidia kwa aliyeuza. Ila hatimiliki si ruhusa ya kuvunja mlango. Marekebisho ya 2016 yanataka anayekalia ardhi ya mtu bila haki apewe notisi ya maandishi ya angalau miezi 3, naye anaweza kwenda mahakamani. Kukodi vijana wamtupie vyombo nje ni kujitafutia kesi, tena ni ukatili kwa watoto waliomo.

Mpangaji ni habari nyingine. Uliza mkataba wake. Huenda akabaki akikulipa kodi. Na mwenye nyumba wa zamani? Kumlipia lori la kuhamia huweza kuwa nafuu kuliko wakili.

Kabla ya kuinua mkono mnadani, itembelee nyumba. Chunguza pia kama mwenzi wa mkopaji aliridhia rehani: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila idhini yake.