VPN ya ofisi: kabla ya bei, uliza habari za matundu

Meneja anayetafuta VPN ya ofisi huletewa vipeperushi vya kampuni tatu nne, na kila kimoja kinajisifu kwa herufi nene kwamba data itasimbwa kwa AES-256. Mstari huo auruke. Cisco, Fortinet, Palo Alto, Ivanti, OpenVPN: zote husimba data kwa nguvu ambayo mdukuzi hahangaiki kuivunja. Yeye hupita kwingine.

Mei 2021 Colonial Pipeline, kampuni inayosafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, ililazimika kufunga bomba lake kwa siku kadhaa. Wahalifu walikuwa wameingia kwa akaunti ya zamani ya VPN. Hakuna aliyekuwa akiitumia, na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Nywila yake ilikuwa imeshavuja, na mfumo haukudai uthibitisho wa hatua ya pili. Kampuni ikawalipa kikombozi cha dola milioni 4.4. Usimbaji wenyewe haukuguswa.

Njia nyingine ni tundu katika kifaa chenyewe. Januari 2024 vifaa vya Ivanti Connect Secure, vilivyojulikana zamani kama Pulse Secure, vilibainika kuwa na matundu mawili ambayo wadukuzi walikuwa wakiyatumia kabla marekebisho hayajatoka. CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mitandao, uliziagiza idara za serikali kuu zivichomoe vifaa hivyo mtandaoni ifikapo Februari 2. Aprili mwaka huohuo likatangazwa tundu la GlobalProtect, VPN ya Palo Alto, likapewa alama 10 kati ya 10 kwa ukubwa wa hatari. Kisa cha Fortinet ndicho kinachonisikitisha zaidi: Septemba 2021 nywila za VPN zipatazo 500,000 zilimwagwa mtandaoni, zikiwa zimechotwa kupitia tundu ambalo marekebisho yake yalitolewa tangu 2019. Dawa ilikuwepo, wateja hawakuitumia.

Hizi si kampuni za kubabaisha. Kifaa cha VPN hukaa wazi mbele ya intaneti nzima usiku na mchana, kwa hiyo kila mwenye nia mbaya hukijaribu. Ndiyo maana swali la kwanza nisingempelekea muuzaji, ningejiuliza mwenyewe: marekebisho yakitoka Ijumaa jioni, nani ofisini kwetu atayaweka kabla ya Jumatatu? Kama fundi wenu wa IT ni wa kuitwa kwa simu, kifaa cha mamilioni kitawaacha katika hatari kubwa kuliko suluhisho dogo linalojisasisha lenyewe. La pili ni mkataba. Kwa baadhi ya watengenezaji, leseni ya huduma ikiisha hupati tena matoleo mapya ya programu. Kifaa kinaendelea kuwaka taa za kijani huku kikizeeka. Dai uoneshwe gharama ya miaka mitatu, leseni zikiwemo, kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye mtandao wetu wa Afrika Mashariki. Chukua tawi la duka la vipuri lenye faiba na modemu ya 4G ya akiba, mhasibu akiingiza ankara kwenye seva iliyo makao makuu. Faiba ikikatika, ruta inahamia 4G na anwani ya IP inabadilika. VPN nyingi za kizamani hapo hukatika, skrini ikaganda, mhasibu akaingia upya na ankara ikaanza mwanzo. WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa ndani ya Linux mwaka 2020, humtambua mtumiaji kwa ufunguo wake, si kwa anwani, hivyo kazi huendelea baada ya kusita kidogo. Toleo lake la Linux lina takriban mistari 4,000 tu ya msimbo, kwa hiyo mkaguzi anaweza kuisoma yote. Tena ipo tayari kwenye ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, ambazo ofisi nyingi huku zinazo.

Upungufu wa WireGuard ni kwamba haina majina ya watumiaji wala uthibitisho wa hatua mbili. Funguo unazigawa mwenyewe, na mfanyakazi akiondoka unaufuta wake kwa mkono. Tailscale imejengwa juu yake ili kuziba pengo hilo: watu huingia kwa akaunti zao za kazi za Google au Microsoft, na vifaa huongea moja kwa moja inapowezekana. Hilo ni muhimu kwa laini za simu, ambazo mara nyingi hazina IP ya umma.

Ukipewa huduma ya VPN ya wingu, uliza lango lake liko mji gani. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya ilidorora. Ikiwa Arusha na Dar es Salaam zinaonana kwa kupitia lango la Ulaya, siku kama hiyo matawi yako yatapotezana.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, iliwataka watumiaji wa VPN kuwasilisha taarifa zao, pamoja na anwani ya IP. Suluhisho linalobadilisha anwani kila siku litakuletea usumbufu usio wa lazima.

Kwa kampuni ya matawi manne au matano isiyo na timu ya IT, mimi ningechukua WireGuard kwenye ruta zilizopo kwa kuunganisha matawi, na Tailscale kwa wanaosafiri. Benki au hospitali yenye wahandisi wa zamu ina sababu ya kununua Fortinet au Cisco, kwa ukaguzi na kumbukumbu zake. Kokote utakakoelekea, omba majaribio tawini kwako. Mhasibu akiwa katikati ya ankara, chomoa waya wa faiba na utazame skrini yake, muuzaji akiwa amesimama hapohapo.