Mshipa upi, daktari?

Neno 'mshipa' hubeba ateri, vena na hata neva. Mtaani hakuna shida. Chini ya fuvu la kichwa, shida ipo.

Chukua mama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa Cushing. Homoni zimezidi mwilini, ila haijulikani kama chanzo ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari au kwingineko. Daktari hupenyeza katheta kwenye vena ya kinena, akaipandisha hadi shingoni, kisha ndani ya vena mbili zinazoteremsha damu kutoka karibu na tezi hiyo, ya kulia na ya kushoto. Huko huchota damu ya kupima. Ajabu ni kwamba njia hizo hazifanani, hata kwa mtu mmoja. Kuna iliyo pana, kuna iliyotawanyika kama wavu, na nyingine haiungani kabisa na vena kubwa ya shingo. Ndiyo maana inafaa picha za vena zipigwe mapema, katheta isije ikalazimishwa pasipo na njia.

Sasa mwambie mama huyo, kabla hajatia sahihi, kwamba 'mshipa wa kushoto una kasoro'. Si atadhani anapooza! Semeni 'vena', jamani. Kamusi zetu zinalo.