Msongamano wa Makazi na Maradhi Yaeda Chini
Katikati ya miaka ya 1960, Serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi katika makazi ya kudumu Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Wengi waliugua, baadhi wakafariki, na muda si mrefu wengi wa waliobaki wakarejea porini. Kitabibu, hilo halishangazi. Kambi ya Kihadzabe huwa na watu wapatao 30 tu, tena huhama mara kwa mara: surua hukosa watu wapya wa kuambukiza, na uchafu huachwa nyuma.

Leo wafugaji na wakulima wanazidi kuhamia bondeni, na nyumba zinasogeleana. Kwa mtoto mwenye kikohozi, mhudumu aulize pia: chumbani wanalala wangapi, kuna dirisha, na chanjo ya surua ya miezi 9 na 18 imekamilika?