Mombasa hadi Nairobi kwa Treni: Kwa Anayevuka Mpaka Mara ya Kwanza

Kwetu Hasamba ukisema "treni" kila mtu anaelewa TAZARA. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na tumekua tukijua kwamba treni ni kitu cha kusubiri. Ndiyo maana nilipomwambia baba mdogo kuwa likizo naenda kupanda treni ya haraka Kenya, aliuliza swali moja tu: "Ikichelewa, utalala wapi?" Nikacheka. Treni haikuchelewa. Aliyekaribia kuachwa ni mimi.

Naandika kwa mwanachuo mwenzangu ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi, amebakiza kidogo kwenye boom, na anataka kuiona nchi ya jirani kwa macho badala ya kuisinzia ndani ya basi la usiku.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo "haraka". Madaraka Express ilianza mwaka 2017, sambamba na Sikukuu ya Madaraka ya Juni 1, na jina lilitoka hapo. Injini zake ni za dizeli na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Treni yetu ya umeme ya Dar–Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, inafika 160. Kwa kasi tumewapita, ila tusijidai sana, walitutangulia miaka saba. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472. Treni isiyosimama vituoni hutumia kama saa tano, na ile ya asubuhi inayosimama hutumia kama sita. Shida za mgeni hazimo kwenye saa hizo. Zimo kabla hujapanda na baada ya kushuka.

Kabla: pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatumo kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA iache ipumzike. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kama ni nzito, ulizia Uhamiaji hati ya dharura ya kusafiria. Viza hatuhitaji. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana unaweza kuulizwa mpakani. Mimi nilipitia Tanga na Horohoro kwa basi, nikaingia Mombasa jioni.

Sasa tiketi. Hapa ndipo nilipoangukia pua. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, kama 30,000 zetu, karibu sawa na Dar–Dodoma. Hela nilikuwa nayo taslimu, nimeikunja vizuri mfukoni, nikajua nitalipa dirishani kama stendi. Kumbe watu hukata mapema kwa simu na kulipa kwa M-Pesa ya huko, na laini yangu ya nyumbani haikunisaidia kitu. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja, na kituo chenyewe kiko Miritini, nje kabisa ya kisiwa, kwa hiyo kurudi mjini kununua laini haikuwezekana. Basi la kutoka Nairobi kwenda Arusha nilishalilipia. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki wa kukaanga: "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akanitazama juu hadi chini. "Watoka Bara wewe?" Nikamweleza. "Lete jina na namba ya pasi, mwanangu." Akalipa kwa simu yake, nikampa taslimu. Wewe usitegemee bahati hiyo. Ukivuka tu mpaka, sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako na ukate tiketi siku kadhaa kabla, kwani siku za likizo viti vinaisha haraka.

Fika saa moja na nusu kabla. Ukaguzi wao ni kama wa uwanja wa ndege: mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa anainusa, kisha inapita kwenye mashine. Kisu changu cha kumenyea maembe kilibaki pale.

Ushauri wangu ni uchague ile ya asubuhi inayosimama, hata kama ni ya polepole zaidi. Ile ya alasiri inafika Nairobi usiku na nusu ya Tsavo unaikosa gizani. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali: kila kituo watu wanapanda na mazungumzo mapya. Daraja la kawaida mnakaa mkitazamana, watatu upande huu na wawili ule, kwa hiyo kunyamaza ni kazi. Baada ya Voi nikaona tembo wekundu kwa vumbi la udongo wa Tsavo, nikapiga kelele, "Tembo!" Mzee wa mbele yangu akanitania: "Tembo hunywewa, mwanangu. Hao ni ndovu." Yeye ndiye aliyenionyesha mapito chini ya tuta la reli yaliyoachwa ili wanyama wavuke. Reli ya Uganda tuliyoikariri kwenye Historia ilipita huku huku, na mwaka 1898 simba wawili walikula wajenzi wake hapo Mto Tsavo. Shuleni ilikuwa tarehe ya mtihani tu. Ukiwa dirishani, ukiona pori lilivyo kubwa, unaelewa kwa nini watu walikimbia kazi.

Baada: kituo kinaitwa cha Nairobi lakini kiko Syokimau, mbali na mji. Pale nje madereva wa teksi watakuzunguka. Pita, ulizia treni ndogo inayounganisha na stesheni ya zamani katikati ya jiji. Tafuta kabla ya safari chumba kilicho karibu na stesheni hiyo au ofisi za mabasi ya Namanga, usije ukaanza kutafuta huku umebeba begi.

Baba mdogo alipopiga saa mbili usiku nilikuwa nimeshaoga. "Umelala wapi?" Nikamtajia mtaa. Akataka na namba ya chumba.