Mwenye mgonjwa, usiliguse gurudumu la dripu

Ni saa kumi na moja jioni. Umeshuka kwenye matatu na thamosi ya uji mkononi, umempita bawabu langoni na hatimaye umefika kando ya kitanda cha mgonjwa wako. Chupa ya maji imetundikwa juu, mrija umeteremka hadi mkononi mwake na matone yanaanguka moja moja, polepole. Mgonjwa analalamika kwamba amechoka kulala upande mmoja tangu asubuhi. Unatazama huku na huku. Muuguzi yuko mwisho wa wodi. Kidole chako kinalikaribia lile gurudumu dogo lililo kwenye mrija. "Acha niyaharakishe kidogo apate nafuu," unajiambia.

Msomaji mpendwa, tafadhali ondoa mkono wako hapo! Matone hayo hayaendi polepole kwa sababu ya uvivu wa mtu. Mwendo wake ni sehemu ya dawa yenyewe.

Ikishaingia hairudi

Wengi wetu tumezoea kuamini kuwa daktari asiyedunga sindano hajatibu. Lakini ubora wa sindano hautokani na uchungu wake. Sindano ni njia ya mkato tu. Kidonge hupitia tumboni na kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Dawa ya mshipani nayo hufika moyoni kabla ya dakika moja kwisha, na ikishaingia hakuna wa kuirudisha. Ndiposa daktari mwangalifu, akiona kidonge kitatosha, hukuandikia kidonge. Usimnung'unikie.

Kazi ya kabla ya sindano

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Dawa nyingi za sindano huwa ni unga mkavu ndani ya kichupa, na mfamasia au muuguzi hana budi kuuyeyusha kwanza.

Chukua mfano wa artesuneti, dawa ya malaria kali. Katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika walitibiwa kwa dawa hiyo au kwa kwinini, baadhi yao wakiwa Kilifi, hapa Kenya. Kati ya kila watoto 100 waliopewa kwinini, karibu 11 walifariki. Kwa artesuneti, idadi hiyo ilikuwa kati ya wanane na tisa. Mwaka wa 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza kwa watoto wenye malaria kali.

Hata hivyo, dawa hiyo bora huhitaji mikono makini. Kwa kawaida kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita moja ya maji maalum yanayoandamana nacho, kisha huongezwa mililita tano za maji ya chumvi ikiwa itaingia mshipani. Sasa kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu tatu kwa kila kilo, yaani miligramu 30, ambazo ni mililita tatu. Mzani ukikosea, kipimo nacho kimekosewa.

Dawa hiyo ikishachanganywa yafaa itumike ndani ya saa moja, na inayobaki humwagwa. Kwa hivyo ukiona nusu ya kichupa ikitupwa, usidhani ni ubadhirifu.

Maji si maji tu

Kuna seftriaksoni pia, dawa ya kuua bakteria ambayo hutumiwa sana hospitalini. Ikidungwa kwenye msuli, unga wake huweza kuyeyushwa kwa dawa ya ganzi ili kupunguza maumivu. Mchanganyiko huo huo haufai kabisa kutiwa mshipani, kwani ganzi hiyo yaweza kuuvuruga moyo.

Isitoshe, seftriaksoni ikikutana na maji ya dripu yenye kalisi, hugandamana na kuwa chembechembe. Kuna watoto wachanga waliowahi kufa, na chembe hizo zikapatikana katika mapafu na figo zao. Tangu mwaka wa 2007 madaktari wameonywa vikali kuhusu jambo hilo. Basi muuguzi akiibadilisha chupa kabla ya kutia dawa, hapotezi wakati.

Hesabu ya matone

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Mirija mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita. Daktari akiagiza lita moja iingie kwa saa nane, hayo ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani karibu matone 42 kwa dakika. Ndiyo maana humwona muuguzi amesimama akiitazama saa yake na mrija kwa zamu.

Ukilifungua gurudumu, maji ya saa nane yataingia kwa muda mfupi mno. Kwa mtoto mdogo au mzee mwenye ugonjwa wa moyo, yaweza kujaa mapafuni akashindwa kupumua. Na ikiwa chupa imetiwa potasiamu, ambayo huonekana kama maji ya kawaida, moyo waweza kusimama papo hapo.

Kazi yako ni ipi?

Haya hayamaanishi ukae kimya. Mweleze muuguzi mapema ikiwa mgonjwa aliwahi kukataliwa na dawa yoyote, hasa penisilini. Taja dawa anazotumia nyumbani, zikiwemo za miti shamba. Dawa inapoletwa, una haki ya kuuliza kwa upole: "Sista, hii ni dawa gani, na ni ya nani?" Muuguzi mwema hatakasirika, kwani yeye pia huhakikisha mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati kabla ya kudunga.

Mwite mara moja ukiona mkono umevimba au umekuwa mwekundu penye sindano, maji yameingia ukungu, mgonjwa anatetemeka au anahema, ama chupa inakaribia kwisha. Ukiitwa "msumbufu", vumilia.

Kisha mimina uji, mgeuze mgonjwa taratibu, umpe habari za nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yako. Gurudumu mwachie muuguzi.