Kabla ya Kununua Gari la Zamani: Tuliyojifunza Kasokola

Baada ya mavuno ya mwaka 2025, kamati ya maendeleo ya usharika mmoja eneo la Kasokola, karibu na mji wa Mpanda, ilileta ofisini kwetu ombi la ushauri. Washarika walikuwa wamechanga fedha kwa kuuza mahindi na karanga ili wapate gari la kuwafikisha mwinjilisti na mhudumu wa afya katika mitaa ya mbali, ambako pikipiki hukwama msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Mzee mmoja, mfanyabiashara mstaafu, alikuwa tayari kuwauzia Land Rover yake ndefu ya mwaka 1978, iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi bila kuwashwa. Bei aliyotaja ilikuwa shilingi milioni 12, kwa maelezo kwamba gari hilo ni "antiki".

Neno hilo limeenea sana tangu tamasha kubwa la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024. Aidha, mkoani kwetu magari ya aina hii si mageni. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumia wakimbizi kutoka Burundi katika makazi ya Katumba na baadaye Mishamo, na wazee wengi wa hapa wanakumbuka enzi ambayo Land Rover ndiyo ilileta dawa na mbegu. Kumbukumbu hizo ni njema, lakini fundi hazipokei kama malipo.

Tunaandika makala haya kwa sababu kamati nyingine mbili zimetuuliza swali hilohilo, na kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Mwaka 2016 ofisi yetu ilisaidia usharika mmoja kununua Land Cruiser ya zamani iliyokuwa imepakwa rangi upya na kushonewa viti vipya. Injini ilinguruma vizuri, wote tukafurahi. Kabla msimu wa mvua haujaisha, chesisi ilikatika nyuma, mahali springi inapofungwa, gari likiwa na magunia ya mahindi. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Chini ya rangi ile mpya kulikuwa na vipande vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu, kisha vikafunikwa kwa puti.

Hivyo basi, gari la zamani ambalo halijaguswa si lazima liwe baya kuliko lililorembwa. Linaonekana chakavu, lakini halifichi kitu. Kutu iliyopo unaiona, na ufa uliopo unaushika kwa kidole. Ukinunua gari lililorembwa unanunua pia kazi ya fundi usiyemjua, na ubora wake utaugundua barabarani.

Tulikwenda Kasokola na fundi kutoka Mpanda, wajumbe watatu wa kamati, jeki, tochi, nyundo ndogo na sumaku. Kuhusu sumaku ni vema tueleze, maana ushauri unaotolewa mara nyingi unaweza kupotosha. Watu huambiwa wapitishe sumaku kwenye bodi, na isiponasa wajue pana puti. Kwa Land Cruiser ni sahihi, kwa kuwa bodi yake ni ya chuma. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na sumaku hainasi hata kama gari limetoka kiwandani jana. Mjumbe mmoja alikwisha kutangaza kwamba gari zima ni puti! Sumaku tuliipeleka chini, kwenye chesisi, ambayo ni ya chuma na ndiyo roho ya gari hili.

Chesisi ya Land Rover huoza kuanzia ndani, kwa sababu maji na matope huingia na kukaa humo. Kwa nje inaweza kuonekana nzima. Fundi aliigonga kwa nyundo hatua kwa hatua: palipo pazima palitoa mlio mkali, palipooza palitoa mlio mzito, na mahali pawili nyundo ilitoboa. Mikono inayoshikilia bodi upande wa kushoto ilikuwa imeliwa. Pia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria ulikuwa umetoboka sakafuni, pale dereva anapoweka miguu. Hayo yanatengenezeka. Lakini kama chesisi yenyewe ingekuwa imeoza zinapofungwa springi, tungewashauri wajumbe wafunge mifuko na kurudi nyumbani.

Mzee alitaka tuliwashe gari hapo hapo kwa betri aliyokwisha kuazima. "Wanangu, gari hili lilinifikisha Kigoma na kunirudisha," alisema. Fundi alikataa kwa heshima. Injini iliyolala miaka mingi ikizungushwa kwa nguvu inaweza kukwaruza silinda ambazo zingepona. Alifungua plagi, akamwaga oili kidogo ndani ya kila silinda, akasubiri, kisha akaizungusha taratibu kwa hendeli ya mkono. Ilizunguka. Oili haikuwa na weupe kama wa maziwa, weupe ambao ungeonyesha kwamba maji ya rejeta yameingia ndani. Kwa siku ile hilo lilitosha. Kuhusu breki, mipira yote na matairi, tulikubaliana kuhesabu kwamba havifai, hata matairi yenye kashata nzuri. Tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Haya yalisomeka 3107, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2007.

Kisha tukaomba kadi ya gari, na hapa ndipo palipotuchukua muda mrefu zaidi. Namba ya chesisi hugongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na springi inapofungwa. Tuliisugua kwa brashi ya waya hadi ikasomeka, nayo ililingana na kadi. Lakini jina kwenye kadi halikuwa la mzee. Lilikuwa la mradi uliofungwa zamani, naye aliuziwa kwa barua tu. Gari la mradi mara nyingi huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, na likihamishwa kwa asiyestahili msamaha huo kodi inaweza kudaiwa. Kamati isilipe hata shilingi moja ya kishika uchumba kabla TRA hawajajibu kwa maandishi.

Je, antiki haina thamani? Inayo, kwa mnunuzi anayeitafuta. Nchini Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili linaweza kupewa namba yenye herufi H. Wapenzi wa magari hayo huthamini injini ya awali, kibati cha kiwandani, hata viti vilivyochanika. Rafiki mmoja wa dayosisi kutoka huko alituomba tusitupe chochote kitakachofunguliwa, nasi tunaona ni ushauri mzuri. Lakini mnunuzi wa namna hiyo hayupo Mpanda, na usharika hauwezi kulipa leo bei ya mtu ambaye huenda asije kamwe.

Hesabu ya kamati ilianzia upande mwingine, kwa bei ya Land Rover kama hiyo inayotembea. Walioulizwa mjini walitaja takriban shilingi milioni 16. Kuchomelea chesisi na sakafu ni milioni 1.8, breki, mipira na matairi milioni 3.4, injini milioni 2.5, umeme na betri laki saba, kulivuta hadi Mpanda na shughuli za hati laki sita. Jumla ni milioni 9. Tuliongeza theluthi moja ya jumla hiyo, yaani milioni 3, kwa yale ambayo jicho halikuyaona, kwa sababu katika uzoefu wetu hayakosekani. Zilibaki milioni 4. Kodi, kama itadaiwa, itatoka humo humo.

Baadhi ya wajumbe waliona aibu kumtajia mzee theluthi moja ya bei yake. Tuliwashauri wasimwambie bei tupu, bali wampelekee karatasi yenyewe na wamsomee mstari kwa mstari. Walifanya hivyo Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Mzee aliuliza maswali mengi kuhusu bei ya matairi, akaomba abaki na ile karatasi, na kusema atashauriana na wanawe. Barua ya kwenda TRA imepelekwa. Fedha za mavuno bado ziko benki.