Kibaya Chajitembeza: Virutubisho Kwenye Kaunta ya Mbangala

Kopo moja la vidonge linaweza kuwa chakula, likawa dawa, au likawa tiba asili. Inategemea limeandikwa nini ubavuni. Likisema lina vitamini C ya kujazia mlo, hicho ni chakula. Likidai linatibu kisukari, limeshakuwa dawa. Likiwa unga wa mizizi unaodaiwa kuponya, hiyo ni tiba asili. Mimi ninayesimama nyuma ya kaunta natakiwa kulijua hilo kabla mteja hajanyoosha mkono na noti.

Nauza dawa Mbangala, mkoani Songwe, kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa. Langu ni duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili sehemu zisizo na famasi zipate mtoa dawa aliyefundishwa. Wateja wangu ni wachimbaji wadogo, mama lishe, bodaboda na wakulima. Kirutubisho kwa jina hilo hakuna anayekiomba. Huomba "cha kurudisha mwili", "cha damu", na wanaume, wakishahakikisha dukani hakuna mtu mwingine, "kile cha heshima ya ndoa".

Zamani mlango ulikuwa mmoja. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliviweka vyote vitatu chini ya mamlaka moja, TFDA. Kuanzia Julai 1, 2019, chakula na vipodozi vilihamia Shirika la Viwango, yaani TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwenye kiwanda anajua abishe hodi wapi. Mwenye duka la kijijini anabaki kugeuzageuza kopo, akitafuta namba ya usajili na nembo.

Masharti haya ya usajili hayakuja kwa chuki. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyosifiwa kuwa mitishamba tupu vimekutwa na sildenafil, kiungo cha Viagra, katika nchi nyingi. Hapa nyumbani, mwanzoni mwa mwaka 2024, Baraza la Tiba Asili lilichukua hatua dhidi ya dawa moja ya asili baada ya kubainika kuwa imechanganywa na sildenafil. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akimeza kitu hicho bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka hadi kuhatarisha maisha.

Cha kunenepesha nacho kina yake. Mama mmoja aliniletea kopo alilonunua kwa mchuuzi ndani ya basi. Mashavu yalikuwa yamemjaa na uso umekuwa wa duara, naye alifurahi kwamba nguo zinambana. Ubavuni mwa kopo paliandikwa "mimea asilia 100%", pasipo jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa macho siwezi kujua kilichomo, ila uso wa namna ile humfanya muuza dawa afikirie deksamethasoni. Hiyo ni dawa halali inayotolewa kwa maelekezo ya daktari; ikitumiwa kiholela hupandisha sukari na presha, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa. Nilimwambia, "Mama, usiendelee kununua, lakini pia usiache kimyakimya. Nenda na kopo lako zahanati wakupime."

Hapo ndipo ugumu wa biashara yangu ulipo. Kibali changu kimetundikwa ukutani, na mkaguzi akifika anajua pa kuanzia. Kopo lisilosajiliwa likikutwa kwenye rafu yangu, litachukuliwa na mtaji nao umekwenda. Mchuuzi wa basini hana rafu. Mwenye spika mnadani akimaliza kuuza anafunga mabegi, na jioni yuko Makongolosi. Bado sijasema Tunduma, ambako ukivuka mpaka tu uko Nakonde, Zambia, na mzigo mdogo hupita ndani ya begi la nguo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu kinajitembeza kwa pikipiki.

Wenzetu wa mbali nao wanahangaika na jambo hilihili. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, kirutubisho hakihitaji kuidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa kabla ya kuuzwa. Jimbo la New York likaona hilo halitoshi: tangu Aprili 22, 2024 ni marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa za kupunguza uzito au kujenga misuli, na wanaouza mtandaoni wamo. Unga wa protini wa kawaida haukuguswa. Muuzaji anatakiwa kuthibitisha umri, na faini inafika dola 500. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani ili sheria isianze. Mahakama ikakataa kuizuia.

Sharti hilo la umri likiletwa Mbangala, nitamdai kijana wa machimboni kitambulisho cha taifa ambacho pengine bado anakisubiri. Ataondoka, na atakayempata ni yule wa spika. Vivyo hivyo, tukisema kila vitamini iuzwe famasi peke yake, wa kwetu atalipa nauli kubwa kuliko bei ya kopo.

Sisemi milango iachwe wazi. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni, na vidonge vya madini ya chuma ni sumu kwa mtoto mdogo akivibugia. Naona katazo lifuate kilichomo ndani ya kopo na kinachodaiwa nje yake, kisha limfuate muuzaji hadi stendi, mnadani na kwenye simu. Mimi namba ya usajili hunisaidia hata kulinda urafiki: jirani akiniletea makopo ya kampuni za mtandao ili tugawane faida, namwambia sioni namba, siweki.

Nawe mnunuzi una sehemu yako. Mjamzito, anzia kliniki; vidonge vya chuma na foliki vinatolewa huko. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na anayeharisha hupewa zinki pamoja na maji ya chumvichumvi. Dagaa, maharage na mboga za majani viko sokoni. Ukiona lazima ununue kopo, soma jina la mtengenezaji na tarehe, mweleze muuzaji dawa nyingine unazotumia, na likidai kutibu magonjwa kumi kwa mpigo, lirudishe. Kisha dai risiti. Siku mwili ukibadilika utajua urudi kwa nani, nasi wenye maduka tutajibu.